Mwanafunzi wa jiografia shambani: anapima nini, na nini hapimi?

Vijana wanne wanatembea kando ya mashamba. Mmoja ameshika daftari, wa pili anatazama ramani kwenye simu, wa tatu anahesabu miti, wa nne anazungumza na mzee aliyesimama na jembe begani. Anamuuliza alianza lini kulima pale, maji huyatoa wapi, na bonde lile lilikuwaje alipokuwa mtoto. Wakishaondoka, maneno yanabaki nyuma yao: ardhi inapimwa, mwekezaji yuko njiani, tutahamishwa.

Wakati huohuo, huku mitandaoni zinasambaa picha mbili za setilaiti zilizowekwa ubavu kwa ubavu, ya zamani ikiwa ya kijani na ya sasa ya kahawia, zikiambatana na hukumu fupi kwamba wanakijiji wameumaliza msitu.

Hofu ile na hukumu hii zinaonekana kuwa mbalimbali, lakini mama yao ni mmoja. Tunachanganya mambo matatu: kilichoifunika ardhi, kazi ambayo ardhi hiyo inafanya, na nani mwenye haki nayo. Mwanafunzi anayeyatenganisha haya mapema huandika ripoti yenye maana. Anayeyachanganya hupotea hata akipewa kifaa cha bei mbaya.

Zulia, chumba na mwenye nyumba

Chukua mfano wa chumba. Ukichungulia dirishani unaona zulia limetandikwa sakafuni. Hilo zulia ndilo kifuniko. Lakini zulia halikwambii kama chumba ni cha kulala, cha kushonea nguo au cha kufundishia watoto. Ili ujue hilo, ama ukae uone watu wanafanya nini humo ndani, ama uwaulize. Hayo ndiyo matumizi. Na hata ukishayajua matumizi, bado hujajua nyumba ni ya nani, nani amepanga na nani amekaribishwa tu. Huo ni umiliki, na majibu yake yamo kwenye hati, kwenye mikataba na kwenye kumbukumbu za watu, hayamo kwenye zulia.

Ardhi nayo ni hivyohivyo. Nyasi ni kifuniko. Nyasi hizohizo zinaweza kuwa malisho, uwanja wa mpira, makaburi ya zamani, au shamba lililoachwa lipumzike misimu mitatu ili rutuba irudi. Ukitazama kutoka juu, vyote vinne vina rangi moja. Msitu ni kifuniko pia, na ndani yake huenda kuna mizinga ya nyuki, miti ya dawa, chanzo cha maji na mahali pa tambiko ambapo hakuna anayethubutu kukata hata fito.

Utafiti wa matumizi ya ardhi ni juhudi ya kuandika ardhi ya mahali fulani inafanya kazi gani, imebadilika vipi, na kwa nini. Mwanafunzi wa jiografia hufanya hivyo katika eneo dogo, kijiji au bonde moja, kwa muda mfupi na kwa fedha kidogo. Neno "jamii" katika kazi hiyo linamaanisha watu wanaoishi kwa kuitegemea ardhi hiyo, pamoja na wale wasioilima: wachungaji wanaopita, wakata kuni, wafinyanzi, wapangaji. Na "mazingira" si miti peke yake. Udongo, maji, wadudu, moto na mteremko wa kilima vimo.

Jicho la juu linaona nini

Watu wengi wanaamini setilaiti inaona kila kitu, kwa hiyo kumuuliza mkulima ni kupoteza muda. Imani hii ina nguvu hasa kwa wanafunzi wenyewe, na ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inawafanya wakae kwenye kompyuta wakati jibu liko nje.

Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwezi Julai 1972, na tangu 2008 picha za mfululizo huo zinapatikana bila malipo. Ni hazina kubwa. Mwanafunzi asiye na fedha anaweza kutazama bonde lilivyokuwa kabla wazazi wake hawajaoana. Lakini picha ya setilaiti imejengwa kwa miraba midogo, pikseli, na katika sehemu kubwa ya picha za Landsat tangu 1982 kila mraba una upande wa mita 30. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa 2015, zinafika mita 10.

Ingia ndani ya mraba mmoja wa mita 30. Simama kwenye kona, tembea hatua arobaini hivi mbele, kisha arobaini nyingine kushoto. Eneo ulilozunguka ni mita za mraba 900, pungufu kidogo ya robo ekari. Ndani yake kuna nyumba ya bati, mti mmoja mkubwa wa kivuli, mistari kadhaa ya mahindi na maharage chini yake, njia ya mifugo iliyokanyagwa hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu, na mtaro wa maji ya mvua. Setilaiti haiandiki hata kimoja kati ya hivyo. Inachukua mwanga wote unaorudi kutoka kwenye mraba na kuuchanganya, kisha programu inauliza: mchanganyiko huu unafanana zaidi na shamba, kichaka au makazi? Jibu litakuwa moja tu. Lolote litakalochaguliwa, mengine yamefutwa.

Mashamba makubwa ya zao moja hayapati taabu hapo. Wanaopata taabu ni wakulima wadogo wanaochanganya mazao na miti, maana shamba lao linaweza kusomwa kuwa kichaka, na kichaka chao kikaandikwa kuwa ardhi isiyotumika.

Kuna kosa jingine ambalo huzaa zile picha mbili za mitandaoni. Picha ya kwanza ilipigwa mwishoni mwa mvua, majani yakiwa yamejaa, ya pili ikapigwa mwishoni mwa kiangazi, miti mingi ikiwa imepukutisha. Ukiziweka ubavu kwa ubavu utaona janga hata mahali ambapo hakuna mti ulioguswa. Kwa hiyo ukikutana na picha za namna hiyo, kabla hujazisambaza tafuta kitu kimoja: mwezi. Miaka mara nyingi imeandikwa. Mwezi ndio unaosahaulika, wakati mwingine kwa makusudi.

Ndiyo maana kijana yule anatembea shambani na ramani kwenye simu. Anafanya uhakiki wa uwandani. Kompyuta imemwambia mahali fulani ni kichaka, naye anakwenda kusimama palepale aone kama ni kweli. Anaandika alichokikuta, anarudi kuhesabu ni mara ngapi kompyuta ilipatia na ni mara ngapi ilikosea. Ramani isiyo na hesabu hiyo ni ya kutiliwa shaka, hata ikiwa na rangi za kupendeza.

Kazi ya wanafunzi si mchezo

Wapo wanaosema hizi ni karatasi za kupatia alama tu. Kwa baadhi ni kweli, na inasikitisha. Lakini historia ya jiografia ina mfano mzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mwanajiografia Laurence Dudley Stamp alitaka kujua kila shamba la Uingereza linatumikaje. Setilaiti hazikuwapo, na fedha za kuajiri wapimaji hazikuwapo pia. Akageukia shule. Maelfu ya wanafunzi, wakiongozwa na walimu wao, walitoka na karatasi za ramani na kuweka alama shamba kwa shamba: hapa panalimwa, hapa ni majani ya kudumu, hapa msitu, hapa bustani. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja na nchi ikalazimika kulima zaidi chakula chake, ramani zile zikawa chombo cha mipango. Miaka ya 1960 mwanajiografia Alice Coleman aliongoza upimaji wa pili, akitegemea tena walimu na wanafunzi, na mwaka 1996 shule zikatoka kwa mara nyingine. Karatasi za watoto wa 1931 leo ni ushahidi ambao hakuna kifaa cha kisasa kinachoweza kurudi nyuma kuutengeneza.

Funzo analotakiwa kulibeba mwanafunzi ni dogo na gumu: andika ulichokiona, mahali ulipokiona, na tarehe. Maoni yako yanaweza kupingwa kesho. Kumbukumbu sahihi ya bonde moja siku moja haizeeki.

Visiwa vya msitu, mitaro na ngitili

Sasa tufike kwenye dhana iliyokita mizizi kuliko zote, kwamba mabadiliko ya ardhi yana mwelekeo mmoja: watu wanaongezeka, miti inaisha, udongo unakufa. Inatokea, na mahali inapotokea madhara yake ni makubwa. Lakini mtafiti anayekwenda uwandani akiwa tayari na hadithi hiyo kichwani atairudisha kama alivyoibeba.

Kissidougou, nchini Guinea, ni eneo la nyasi ndefu ambalo ndani yake vijiji vimezungukwa na visiwa vya msitu mnene. Tangu wakati wa ukoloni wa Kifaransa, maofisa waliviona visiwa hivyo kuwa masalia. Walisema hapa pote palikuwa msitu, wenyeji wakakata na kuchoma, na hivi ndivyo viraka vilivyobaki. Sera zikatungwa juu ya msingi huo, na wanakijiji wakatendewa kama wahalifu wa mazingira. Miaka ya 1990 watafiti James Fairhead na Melissa Leach walifanya jambo ambalo hata mwanafunzi anaweza kulifanya. Walichukua picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1952, wakazilinganisha na za karibuni, kisha wakawauliza wazee. Sehemu nyingi msitu ulikuwa umeongezeka. Watu walikuwa wameuotesha wenyewe kuzunguka makazi yao, kwa kulisha mifugo ili nyasi zinazoshika moto zipungue, kwa kulima bustani zilizotajirisha udongo, kwa kupanda na kulinda miche. Kilichosomwa kuwa mabaki ya uharibifu kilikuwa kazi ya mikono.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Kwa miongo mingi, kosa lilikuwa katika kusoma. Msitu ulikuwepo, picha zilikuwepo, wazee walikuwepo, lakini hakuna aliyeviweka pamoja.

Machakos, Kenya, ina kisa kinachofanana kidogo. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika kwamba vilima vyake vimemomonyoka kupita kiasi na kwamba watu na mifugo wamezidi. Kufikia 1990 idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hesabu ya kawaida, pangetakiwa pawe jangwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha mwaka 1994 utafiti uliolinganisha hali za nyakati hizo mbili, zikiwemo picha za vilima vilevile, wakakuta miteremko imejengwa makingamaji, miti mingi zaidi imepandwa na mmomonyoko umepungua.

Makingamaji yenyewe yana jina ambalo wahandisi wa udongo duniani kote wanalitumia kwa Kiswahili: fanya juu. Mkulima anachimba mtaro unaofuata usawa wa kilima, na kila koleo la udongo analitupa upande wa juu wa mtaro, si wa chini. Linajengeka tuta. Mvua inapokuja, maji yanasukuma udongo kutoka juu, unakwama nyuma ya tuta na kukaa hapo. Mwaka baada ya mwaka nyuma ya tuta panajaa, mpaka mteremko mkali unakuwa ngazi pana zinazolimika. Kutoka angani, ngazi hizo ni mistari myembamba tu. Aliyezichimba ndiye anayejua ni miaka mingapi ya jasho iliyolala pale.

Hapa naomba tahadhari, maana kisa cha Machakos hutumiwa vibaya pia. Wapo wanaokitaja kudai kwamba wingi wa watu huponya ardhi wenyewe. Sivyo. Machakos ilikuwa karibu na soko la Nairobi, watu wake walipata mishahara mijini na kuirudisha shambani, na walikuwa na uhakika wa kutosha kwamba shamba watakalolitengeneza litabaki lao. Mahali pasipo na soko wala uhakika huo, wingi uleule wa watu unaweza kuleta matokeo mengine kabisa. Kazi ya mtafiti ni kuuliza ni mambo gani yaliyokutana hapa.

Na Shinyanga, Tanzania. Misitu yake ilikatwa kwa wingi katika karne iliyopita, kwanza katika kampeni za kuangamiza mbung'o, baadaye kwa ajili ya pamba na mahitaji mengine. Mwaka 1986 ulianza mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mafanikio yake makubwa yalitokana na kurudi kwenye utaratibu wa Wasukuma wenyewe, ngitili: kufunga eneo wakati wa mvua lisilishwe, nyasi na miti vistawi, kisha kulifungulia ng'ombe kiangazi kinapokuwa kikali. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa.

Mpe mgeni picha ya ngitili iliyopigwa wakati wa mvua. Ataona nyasi nzuri na hakuna ng'ombe hata mmoja. Ataandika: ardhi isiyotumika. Kumbe ni ghala. Haina mifugo kwa sababu ileile ambayo akiba haitumiwi siku ilipowekwa.

Maneno "ardhi tupu" na "ardhi isiyotumika" yana hatari kwa sababu hiyo. Ni hukumu inayojifanya maelezo. Mwanafunzi anayeyaandika kwenye ramani bila kuuliza anaweza, bila nia mbaya, kumfungulia mlango mtu mwingine mwenye nia.

Kuuliza nako kuna ufundi

Anayeonja chumvi hukoroga chungu kwanza. Asipokoroga, kijiko kinaleta habari za juu tu. Sampuli katika utafiti ni kijiko hicho. Mwanafunzi akiuliza nyumba zilizo kando ya barabara tu, ataandika habari za watu wenye maduka na umeme. Akiuliza saa nne asubuhi, atawakuta wasiokwenda shamba. Akipelekwa na kiongozi wa mahali, huenda akapelekwa kwa jamaa za kiongozi. Ndiyo maana anaweza kuzipita nyumba tatu na kubisha ya nne, na watu wakashangaa kwa nini wengine wameachwa. Hajawadharau. Anakoroga chungu.

Tena ndani ya nyumba moja ardhi ina wasemaji zaidi ya mmoja. Muulize mwanamume achore ramani ya shamba, kisha mwanamke achore ya kwake. Mara nyingi mipaka na mazao ya kuuza vitakuwa wazi kwenye ya kwanza, na kwenye ya pili zitatokea njia za maji, mahali pa kuni, mboga za porini na mti fulani wa dawa. Ripoti iliyouliza "mkuu wa kaya" peke yake imechora nusu ya ardhi.

Je, ardhi inapimwa au haipimwi?

Inapimwa, ila si kwa maana inayotisha. GPS, yaani kionyesha mahali, ya simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, hukosea mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Kosa la namna hiyo halimsumbui anayetaka kujua bonde lina mashamba kiasi gani. Kwenye mpaka wa majirani wawili, mita tano ni ugomvi. Upimaji wa kisheria hufanywa na mpimaji mwenye mamlaka, kwa vifaa vingine, na kwa utaratibu unaowataka wahusika wawepo. Ramani ya mwanafunzi haimpi mtu ardhi wala haimnyang'anyi, na yeyote atakayeipeperusha kwenye kesi ya mpaka kama ushahidi wa mwisho anapotosha.

Hata hivyo, hofu ya watu si ujinga. Wamewahi kuona ramani zikitangulia na watu wakafuata kuhamishwa. Wana haki ya kuuliza: barua yako ya utambulisho iko wapi, unasoma wapi, msimamizi wako nani, majina yetu yataandikwa au la, na tukikataa itakuwaje? Jibu la swali la mwisho lazima liwe kwamba kukataa hakuna adhabu. Mahali pa tambiko au chemchemi ya siri visiwekwe kwenye ramani ya wazi kama wenyewe hawataki, hata kama ramani itaonekana pungufu kwa msahihishaji.

Baada ya hapo linabaki swali ambalo wanafunzi wengi hawajajiandaa nalo: utaturudishia nini? Mara nyingi ripoti huishia rafuni chuoni, na mzee aliyetoa asubuhi nzima haoni hata ukurasa. Hiyo si haki, na inaharibu utafiti wenyewe. Peleka ramani yako kabla hujaifunga, itandike chini, waite walewale uliowauliza. Mtu atainama, ataweka kidole kwenye kiraka ulichokipaka rangi ya kichaka, na kusema: hapa ni kwa mama yangu, tumepaacha tangu msimu wa juzi, mwakani tunalima. Utachukua kalamu na kubadilisha rangi.